Kipengele cha Kumi na Saba

Fomu ya ukaguzi ilikuwa na vipengele ishirini na vinne, na Mwalimu alikuwa amepata ishirini na vitatu. Kilichomwangusha ni kimoja tu, cha kumi na saba, na bahati mbaya cha kumi na saba kilikuwa na nyota. Ukikosa chenye nyota, hivyo vingine ishirini na vitatu kafungie karanga.

"Hebu soma tena," alisema Fundi, mume wake.

"Nimekisoma mara ngapi tangu Ijumaa?"

"Soma tu. Labda leo kimebadilika."

Mwalimu akasoma kwa ile sauti yake ya darasani, kila neno na nafasi yake. "'Mwalimu anatumia kosa la mwanafunzi kama nafasi ya kufundisha.' Halafu hapa pembeni ameandika, 'Halikuonekana.'"

"Kosa halikuonekana."

"Halikuonekana kwa sababu halikuwepo! Watoto wamepata zote. Darasa zima, mpaka yule anayelala. Sasa mimi kosa ningelitoa wapi? Nilizae?"

Fundi alikuwa ameshatia misumari mitatu mdomoni, kwa hiyo akamkubalia kwa pua. Alikuwa fundi wa makochi, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele, ambacho pia kilikuwa sebule, ambacho pia kilikuwa chumba cha Bibi, mama yake. Jumapili hiyo katikati ya chumba lilikaa kochi la mteja, la watu watatu, mbao na mikanda ya mpira tupu, halina sponji wala kitambaa. Bibi alikuwa amelikalia hivyohivyo, na mto chini yake, anasikiliza.

"Kwa hiyo wamekuangusha kwa kuwa watoto wako wana akili?" aliuliza Bibi.

"Ndiyo, Mama."

"Sasa huyo mkaguzi amesoma mpaka wapi?"

"Mpaka juu kabisa."

"Inaonekana," alisema Bibi.

Walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Miaka kumi na mmoja Mwalimu alikuwa amefundisha darasa la kwanza bila mtu kumuuliza karatasi. Kisha ikaja sheria kwamba wa kuwafundisha wadogo lazima awe na stashahada ya uzamili, na juu yake leseni. Wenzake wawili waliona ni mlima, wakaacha. Yeye akapanda. Miaka miwili, Jumamosi na Jumapili zote, akasoma. Akaandika tasnifu ya kurasa themanini na nane juu ya matumizi ya vizibo vya soda katika kufundisha kutoa, kazi iliyopata wasomaji watatu: msimamizi wake, mtahini wa nje, na Bibi, ambaye hajui kusoma lakini aliipima kwa mikono miwili akasema ni nzito. Mtihani wa kuandika akafaulu. Zikabaki dakika arobaini za kufundisha mbele ya mkaguzi, na nafasi za kujaribu ni mbili. Ya kwanza ndiyo hiyo, imeliwa na watoto wenye akili. Ya pili ilikuwa Alhamisi.

Akianguka Alhamisi, atasubiri miaka miwili ndipo aombe tena, na kabla ya kuomba atarudia muhula mzima chuoni. Na shule haitaruhusiwa kumweka darasani hata siku moja baada ya muhula huu kufungwa.

Fundi akatoa misumari mdomoni. "Mtafute mmoja akosee."

"Huwezi kumwambia mtoto akosee."

"Kwa nini? Mimi mteja akija kuchukua kochi, namwachia mguu mmoja unacheza. Kidogo tu. Akikaa, linayumba. Nasema, aa, subiri kwanza mzee wangu, nauchapa nyundo mbili mbele ya macho yake, limetulia. Anaondoka anatangaza kwamba huyu ni fundi wa kweli. Ningempa lililonyooka toka mwanzo angesema nini? Angesema ni kochi."

"Wewe ni mwizi," alisema Bibi.

"Ni mtaalamu, Mama."

Mwalimu hakucheka. Alikuwa akiwapita watoto wake arobaini na sita mmoja mmoja kichwani, kama anaita mahudhurio. Huyu mama yake ni mkali, akisikia mwanawe amefanywa mjinga mbele ya mgeni atakuja na shangazi zake wote. Huyu ana kigugumizi, ni dhambi. Huyu ameanza kusoma juzi tu, ukimgusa atarudi nyuma. Kila aliyemfikia alikuwa mtoto wa mtu.

Uani mtu alikuwa akiimba, anajibu mwenyewe, anajipigia makofi, anajikaripia.

"Redio!" aliita Mwalimu. "Njoo hapa mara moja."

*

Redio alikuwa binti yao, miaka saba, na jina hilo alipewa na baba yake kwa sababu alifungua matangazo alfajiri na hakuna aliyejua kitufe cha kuzimia kilipo. Alikuwa katika darasa la mama yake. Sheria waliyowekeana ilikuwa moja: ukivuka geti la shule mimi ni Mwalimu, ukirudi nyumbani mimi ni Mama. Redio alikuwa hajawahi kuivunja hata mara moja, na aliwakaripia wengine walioita "Mama" kwa bahati mbaya.

"Kwa nini mimi?" aliuliza alipoelezwa.

"Kwa sababu wewe unajua jibu. Anayejua ndiye anayeweza kukosea kwa makusudi. Asiyejua anakosea tu."

Redio akalipima hilo. "Nikikosea utanipa nini?"

"Utagawa vizibo. Wiki nzima, wewe peke yako."

Kugawa vizibo kulikuwa cheo. Kopo lilikuwa na vizibo mia nne na kidogo, vimeoshwa, vimepondwa makali yote, na aliyegawa alipita kati ya madawati kama waziri. Redio akakubali kabla mama yake hajamaliza sentensi.

Basi sebule ikawa darasa. Fundi akakaa kwenye kochi la mbao kama mwanafunzi, magoti juu, akaomba ruhusa ya kwenda kukojoa. Bibi akapewa vizibo kwenye mapaja. Mwalimu akasimama mbele ya mlango wa chumbani, ambao Fundi aliupaka rangi nyeusi miaka hiyo ya tasnifu, akaandika kwa chaki: 13 - 5.

"Nani atatuambia kumi na tatu toa tano?"

"Mimi, Mwalimu!" alisema Fundi. "Inategemea unamtolea nani."

"Nje."

"Nimekoma, Mwalimu."

"Haya, wewe pale."

Redio akasimama. "Kumi na mbili!"

Kosa hilo halikuokotwa. Mwalimu alilichagua. Watoto wengi huona tatu na tano, wakatoa ndogo kwenye kubwa kwa kuwa ndiyo rahisi, wakapata mbili, wakairudishia ile kumi yake. Lilikuwa kosa la kitaaluma, kosa lenye mgongo, na lilikuwemo kwenye tasnifu, ukurasa wa arobaini na moja.

"Asante kwa kujaribu," alisema Mwalimu. "Si vibaya kukosea. Wenzake, tunakubaliana na jibu hili?"

"Hapanaaa," alisema Fundi.

"Basi tuulize vizibo. Tuhesabu kumi na tatu."

Wakahesabu. Bibi alihesabu kwa ncha ya kidole, midomo ikicheza. Wakatoa vitano. Bibi akavitazama vilivyobaki mapajani, akavitazama tena kama watu waliomtembelea bila taarifa.

"Nane," alisema.

"Ehe! Vizuri sana, Mama."

"Nane," alirudia Bibi. "Kwa hiyo hii ndiyo inayowatoa jasho wote?"

Mwalimu akamgeukia Redio. "Umeona ulipokosea?"

"Ndiyo, Mwalimu. Nilianza na mbili kabla sijavunja kumi."

Lilikuwa jibu tamu sana. Walilirudia mara nne, mpaka Fundi akasema hata angekuwa yeye mkaguzi angelia.

*

Katika chumba cha walimu, ratiba ya zamu ilibandikwa ukutani karibu na ndoo ya maji. Wenye leseni majina yao yaliandikwa kwa wino. Wasio nayo, kwa penseli. Mkuu wa shule alilieleza jambo hilo kwa upole siku ya kwanza: si dharau, ni urahisi wa kazi. Sasa lilikuwa limebaki jina moja la penseli, na kila aliyechota maji alilipangusa kidogo kwa kiwiko, kwa hiyo Mwalimu alikuwa akilikoleza kila Jumatatu mwenyewe.

Jumatatu hiyo alikuta binti amekaa kwenye kiti chake. Miaka ishirini na minne hivi, mkoba mpya, cheti cha leseni ndani ya plastiki ngumu mapajani.

"Shikamoo, Mwalimu," binti akaruka juu. "Samahani, nimeambiwa nisubiri hapa."

"Marahaba. Kaa tu, mwanangu."

"Huyu amekuja kuangalia mazingira," alisema Mkuu kutoka mlangoni, haraka, kama mtu aliyekutwa na mkono chunguni. "Kwa tahadhari tu. Tunakuombea Alhamisi, unajua hilo."

"Najua, Mkuu."

"Umejiandaa?"

"Nimejiandaa."

Alijiandaa kweli. Jumatatu darasa likafanya somo zima mara moja. Jumanne mara moja. Jumatano mara mbili. Aliwaambia watoto kwamba ni mchezo wa kumpokea mgeni, na kila mmoja ana kazi yake: wote wananyoosha mikono, wote wanasema hapana kwa pamoja, wote wanahesabu. Walipenda sana lile "hapana". Lilipasua dari. Na kila mara Redio alisimama, akasema kumi na mbili, na kila mara arobaini na watano wakamgeukia kwa furaha na kumwambia hapanaaa.

Jumatano wakati wa mapumziko Mwalimu alipita karibu na mabomba. Watoto walikuwa wameweka duara.

"Redio mbovu! Redio haina betri! Redio, moja na moja ngapi?"

"Kumi na mbili!" wakajibu wenyewe.

"Redio, una miaka mingapi?"

"Kumi na mbili!"

Redio alikuwa katikati, kikombe mkononi, maji yakimwagika juu ya kiatu chake. Hakuwajibu. Yeye aliyejibu hata wasiomuuliza. Akainua uso, akamwona Mwalimu, na uso ule ukasubiri.

Hatua kumi tu. Mwalimu alikuwa ametawanya maduara kama yale maisha yake yote, kwa neno moja, wakati mwingine kwa kukohoa tu. Lakini akiwaambia leo wasimcheke, kesho nani atasema hapana? Akawaza: ni siku moja tu imebaki. Akageuka, akarudi darasani kuchukua chaki ambayo ilikuwa mfukoni mwake.

Jioni alikuwa akipiga pasi blauzi juu ya meza ya Fundi. Redio akaja akasimama kando, kimya, ikabidi Bibi aulize kama nyumba ina mgonjwa.

"Mama, mgeni atajua mimi ni mtoto wako?"

"Hapana. Kesho mimi ni Mwalimu."

"Atajua mimi ni mjinga?"

"Atajua umejaribu."

"Lakini sitakuwa nimejaribu," alisema Redio. "Mimi najua."

Pasi ilikuwa kwenye ukosi, mahali pagumu. "Kesho tu, mwanangu," alisema Mwalimu. "Kesho ikipita, basi. Halafu wiki nzima unagawa vizibo."

"Sitaki tena vizibo."

"Utavitaka tu. Nenda kaoge."

*

Mkaguzi safari hii alikuwa mwingine, mwanamke mdogo kwake kwa umri, viatu vimejaa vumbi kwa kutembea kutoka barabarani. Alipoingia, Mwalimu, mwenye miaka arobaini na mmoja, akafungua mdomo kusema karibu.

"Shikamoo," alisema.

Darasa likaganda. Mkaguzi naye akaganda, kisha, kwa kuwa angefanya nini, akasema polepole, "Marahaba." Alikwenda nyuma, akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kidevuni, akafungua fomu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama maji. Andalio la somo lilikuwa mezani, safi. Watoto waliimba wimbo wa kumi, wakashuka kutoka ishirini mpaka moja, wakaonyesha vidole. Mkaguzi akaweka alama ya vema. Akaweka vema tena. Mwalimu aliziona vema hizo kutoka mbele, maana kwa miaka kumi na mmoja macho yake yalizoea kuona kinachofanyika nyuma ya darasa.

Akaandika ubaoni: 13 - 5.

"Nani atatuambia kumi na tatu toa tano?"

Mikono ikapanda yote. Akapitisha macho kama walivyofanya mazoezi, akasita kwa mmoja, akasita kwa mwingine.

"Haya, wewe pale."

Redio akasimama. Akautazama ubao. Akageuza shingo, akamtazama yule mgeni aliyekaa nyuma na kalamu yake. Akarudi ubaoni.

"Nane," alisema.

"Asante kwa kujaribu," alisema Mwalimu, kwa ile sauti laini aliyoifanyia mazoezi mbele ya kochi. "Si vibaya kukosea. Wenzake, tunakubaliana na jibu hili?"

"Hapanaaa!" wakasema arobaini na watano.

Ukweli ni kwamba hakusikia nane. Sikio lake lilikuwa limeandaa mahali pa kumi na mbili, limefagia, limetandika, na chochote ambacho kingeingia kingelala hapo.

"Basi tuulize vizibo."

Wakahesabu kumi na tatu. Wakatoa vitano, kimoja kimoja, kwa sauti. Mwalimu akachora maduara kumi na tatu ubaoni, akakata matano, kazi safi, mistari imenyooka.

"Vimebaki vingapi?"

"Vinane," wakasema, lakini safari hii sauti haikupasua dari. Ilikuwa na mashimo. Dawati la tatu mtoto alimnong'oneza mwenzake, na kwa kuwa darasa lilikuwa kimya wote wakasikia: "Si ndiyo alivyosema?"

"Kwa hiyo kumi na tatu toa tano ni nane," alisema Mwalimu. Alikuwa amefika pale patamu. Akamgeukia Redio, ambaye bado alikuwa amesimama kwa kuwa hakuna aliyemwambia akae. "Umeona ulipokosea?"

Redio akayatazama yale maduara manane ubaoni.

"Usiogope. Tuambie, ulikosea wapi?"

"Nimesema nane," alisema Redio.

Hapo ndipo neno lile likamfikia Mwalimu, limechelewa, limezunguka chumba chote. Akaona midomo ya watoto. Akaona kalamu ya Mkaguzi imesimama juu ya karatasi. Akamwona binti yake, mikono imenyooka ubavuni, amejibu swali kwa usahihi mbele ya mgeni, anasubiri kuambiwa kosa lake.

"Kaa chini," alisema.

Dakika ishirini na mbili zilizobaki alifundisha vizuri kuliko alivyowahi kufundisha. Mtoto mwenye kigugumizi alikwenda ubaoni akatoa tisa kwenye kumi na sita bila kukwama. Yule anayelala hakulala. Mkaguzi hakuona, maana alikuwa ameinama, anaandika.

*

Watoto walipotoka wawili hao walibaki kwenye viti vidogo, magoti kwa magoti.

"Mwalimu," alisema Mkaguzi, "naomba nikuulize kabla sijatia saini. Yule mtoto alisema ngapi?"

"Nane."

"Na wewe ulisikia ngapi?"

Mwalimu akatazama kopo la vizibo. Akisema alisikia walichopanga, huo ni udanganyifu, na jina la mdanganyifu huingia kwenye orodha isiyofutwa. Akasema, "Sikusikia."

"Ulikuwa hatua tatu kutoka kwake."

"Ndiyo."

Mkaguzi akapigapiga fomu kwa kalamu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameona mtoto wa kigugumizi, kumbe. Alikuwa ameona zaidi ya alivyoonyesha. "Sikiliza, dada yangu. Cha kumi na saba kinataka kosa. Kosa nimeliona, ila si la mwanafunzi. Nikiandika hivi, imekwisha." Akashusha sauti. "Labda yule mtoto hatamki vizuri. Wapo watoto wana shida ya kusema, jibu linatoka halieleweki. Kama ni mmoja wao, nikaandika hapa kwamba mwanafunzi ana tatizo la matamshi, basi si kosa lako. Wataahirisha, watakupa siku nyingine. Mimi simjui. Wewe ndiye unayemjua. Ana shida hiyo?"

Dirishani zilisikika kelele za mapumziko. Mwalimu alisikiliza kama kati ya sauti zile kuna moja anayoitafuta. Haikuwepo.

Neno lingekuwa moja tu. Ndiyo. Fupi kuliko nane. Lingeandikwa kwenye fomu, fomu ingeingia kwenye faili la shule, na mtoto angelibeba mpaka darasa la pili, la tatu, kila mwalimu mpya akifungua faili analikuta limemtangulia. Jana kwenye mabomba alihesabu hatua kumi akageuka. Leo aliambiwa ageuke kwa neno moja.

"Yule?" alisema. "Yule anatamka vizuri kuliko mimi na wewe."

Mkaguzi akasubiri kidogo, kama mtu anayeshika mlango.

"Una hakika?"

"Nina hakika. Mtoto alijibu vizuri. Kosa ni langu."

Mkaguzi akaandika. Aliandika mistari miwili, akatia saini, akamgeuzia naye atie. Kalamu ilikuwa ya wino. Mwalimu akatia saini yake, kubwa, imenyooka, kama ya ubaoni.

*

Nyumbani Fundi alijua kabla hajaambiwa, kwa jinsi viatu vilivyovuliwa. Akatoa misumari mdomoni, akaitazama, akairudisha.

"Yuko wapi?" aliuliza Mwalimu.

Bibi akaonyesha kwa kidevu. Redio alikuwa chini ya kochi. Lilikuwa limeshatiwa sponji na nusu ya kitambaa, na upande ambao haujafunikwa ulionekana mguu mmoja wa soksi.

Mwalimu akapiga magoti, blauzi ya pasi na yote. "Toka, mwanangu."

"Sitoki."

"Hujakosea."

"Wamesema nimekuangusha. Shule nzima wamesema. Mkuu amenitazama hivi." Hakuonyesha alivyotazamwa, maana alikuwa chini ya kochi.

"Jibu lako lilikuwa sahihi."

"Najua," alisema Redio. Kisha, "Ningesema kumi na mbili ungepita?"

Fundi akaacha kugonga. Bibi, aliyekuwa akihesabu vijiko, akavishika visilie.

Mwalimu alikuwa hajawahi kumdanganya mtoto kuhusu hesabu. "Ndiyo," alisema.

Mguu wa soksi ukavutwa ndani.

*

Muhula ulifungwa Ijumaa. Mkuu hakumfukuza mtu. Alichukua kifutio tu, na kwa kuwa lilikuwa penseli, halikuchukua muda. Aliandika la yule binti kwa wino, akapuliza ukauke. Walimu walimpa Mwalimu saa ya ukutani yenye picha ya maua, wakapiga makofi, na mmoja akasema miaka miwili si mingi, unafumba macho na kufumbua. Mwingine akasema ndiyo, na chuo kipo tu, hakihami.

Chuoni aliambiwa muhula wa kurudia unaanza na somo la kwanza kabisa, Utangulizi wa Ujifunzaji wa Mtoto, na kwamba tasnifu ya zamani haitahesabiwa kwa kuwa mwongozo umebadilika. Fomu mpya ilikuwa na vipengele ishirini na nane. Aliikunja, akaiweka chini ya saa ya maua, mpaka saa ilipotundikwa na fomu ikapata kazi ya kuzuia gundi isidondoke kwenye sakafu.

Alijifunza kuvuta mikanda ya mpira. Alijifunza kupima kitambaa kwa mkono, kukunja kona, kupigilia upande wa ndani usioonekana. Fundi alisema ana mkono mzuri. Alimfundisha pia ule mguu unaocheza, na mteja wa kwanza alipokaa likayumba, Mwalimu ndiye aliyechukua nyundo. Mteja akasema huyu mama ni fundi wa kweli. Fundi akacheka. Yeye alikwenda uani kunawa mikono ambayo haikuwa na uchafu.

Wiki ya tatu ya muhula mpya Redio alirudi na vitu viwili mkononi. Cha kwanza kilikuwa kopo la vizibo. Yule binti, mwalimu mpya, alisema asante, yeye ana kadi zilizochapishwa. Cha pili kilikuwa karatasi. Iliandikwa kwa mwandiko mzuri, kwa heshima, na haikuwa na neno baya hata moja: mwanafunzi ni mtulivu sana, lakini hajibu maswali mpaka aulizwe mara mbili, na akiulizwa hutazama uso wa mwalimu badala ya ubao. Mzazi ashauriwe kumsaidia nyumbani.

"Mtulivu," alisema Fundi. "Huyu?" Akatazama pembeni.

Bibi ndiye aliyefurahia kopo. Alilimimina kwenye kochi jipya, la watu wawili, sponji ya leo. Tangu Jumapili ile alikuwa akihesabu kila kitu, vifungo, vijiko, majirani, na alikuwa hajapata tena mtu wa kushindana naye.

"Njoo, mjukuu wangu. Nikupime. Kumi na tatu toa tano?"

Redio akasimama wima, mikono ubavuni. Hakutazama vizibo. Aliutazama mlango mweusi, ambao bado ulikuwa na vumbi la chaki kwenye ufa, kisha akamtazama mama yake, usoni, kwa makini sana, kama anayesoma.

"Leo wanataka ngapi, Mama?" aliuliza.

Mwalimu alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi, nyundo mkononi, misumari mitatu mdomoni. Angetaka kujibu, ingetosha kuitoa. Akashika kona ya kitambaa, akaivuta ikanyooka, akagonga.